Papa Nestor Kabanda na Kulasi ya Juru

Papa Nestor Kabanda amestaafu Ijumaa tarehe 29 Mei 2015, baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka kumi na minane na miezi miwili katika Karakana ya Injini na Pampu, Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wasomaji ambao bado wana programu ya kwanza ya sherehe ya kumuaga wataona imeandikwa tarehe 15 Mei. Hilo si kosa la uchapaji. Karani, anayeandika haya, aliihakiki mara nne. Papa Nestor alistaafu kweli tarehe 15, ila shughuli haikufika mwisho. Sababu zake zimeelezwa hapa chini, kwa idhini ya wote waliotajwa.

Alizaliwa Uvira mwaka 1952. Ujana wake aliutumia bandarini Kalundu, kwenye karakana ya injini za meli za mizigo, na huko ndiko alikojifunza kazi ambayo watu wengi hawajui kwamba ni kazi: kuondoa rangi ya zamani kwenye vipande vya injini kabla ya kupakwa rangi mpya. Vita vilipofika Uvira mwaka 1996, yeye na mkewe, Mama Chantal, walivuka ziwa hadi Kigoma, wakapanda polepole kuelekea kaskazini, na wakaingia Uganda kupitia mpaka wa Kikagate Januari 1997. Mama Chantal alibeba sufuria mbili na Biblia. Papa Nestor alibeba kikwangulio chake, alichokifua mwenyewe kutokana na springi ya lori. Kikwangulio hicho kipo hadi leo, ingawa kimekonda.

Siku ya kuandikishwa, mwandikishaji mmoja alimuuliza kazi yake. Papa Nestor alijibu kwa ukweli na kwa Kiswahili cha kwao: "Miye nachuna vichwa ya moteri." Kwa bahati mbaya nje kulikuwa na kelele ya jenereta, na mkalimani alisikia nusu ya kwanza tu. Mwandikishaji akaandika, akasoma alichoandika, kisha akafunga daftari taratibu. Papa Nestor aliwekwa kwenye benchi la peke yake kwa siku mbili, akapewa chakula kizuri na kutazamwa sana. Siku ya tatu ile jenereta iliharibika. Akaomba ruhusa ya kuitengeneza, akakifungua kichwa cha injini mbele ya watu wote, akakichuna rangi, na mambo yakaeleweka.

Alitoka pale na barua ya kazi, lakini pia na uamuzi. Aliapa kwamba hatalitamka tena neno "kichwa" mbele ya mtu yeyote mwenye daftari. Msomaji anaombwa akumbuke uamuzi huo.

Alianza kazi kwetu tarehe 24 Machi 1997. Wakati huo injini ya pampu ya ziwani ilikuwa inachemka kila baada ya saa moja na kuzimika, na foleni ya majerikeni ilifika hadi kanisani. Mafundi walibadilisha mafuta, wakabadilisha feni, wakabadilisha hata fundi. Papa Nestor aliizunguka injini mara moja, akaweka ukucha kwenye mapezi ya kupozea, na ukucha haukuingia. Kila mradi uliopita ulikuwa umeipaka injini ile rangi yake: mmoja bluu, mmoja nyeupe, mmoja ya chungwa, na kila mmoja ulipaka juu ya ule uliotangulia. Alihesabu makoti saba, yaani tabaka saba za rangi. "Hii moteri haigonjwe," alisema. "Imevaa mingi." Aliivua makoti yote kwa siku nne, na haikuchemka tena kwa miaka sita.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa meza yake. Ni meza ya mbao nzito iliyofunikwa bati, kando yake pipa la maji ya moto yenye soda kali ya kutengenezea sabuni, na juu yake brashi za waya zilizopangwa kwa ukubwa. Kipande kiliingia pipani asubuhi, kikatoka kimelainika, kikakwanguliwa, kikasuguliwa, kikaoshwa, kikakaushwa juani. Muda wa kazi Papa Nestor hakuupima kwa saa. Yeye ni mwimbaji wa sauti ya nne kanisani kwake, na aliupima kwa nyimbo. Kifuniko cha chujio ni wimbo mmoja. Kichwa cha injini ya silinda moja ni nyimbo tisa, pamoja na viitikio. Fundi aliyekuja kuharakisha kazi aliambiwa, "Ngoja, niko ubeti wa tatu," na akangoja.

Kila alipofikia chuma kitupu, kabla ya kukabidhi kipande kwa mpaka rangi, alichora alama ndogo kwa msumari mahali pasipoonekana: herufi N, na kando yake mistari kwa idadi ya makoti aliyoyaondoa. Mtu akimuuliza faida ya alama itakayofunikwa na rangi siku hiyo hiyo, alishangaa swali. Alisema alama si ya kuonwa na watu. Ni ya kumwambia atakayekuja kukwangua baadaye kwamba fasi hii, mahali hapa, mtu alifika.

Haitakuwa haki kuandika mafanikio peke yake. Mwaka 2002, karani wa wakati huo (si wa sasa) aliona jinsi pipa linavyosafisha vyuma, akatumbukiza humo birika la ofisi ili kutoa masizi kabla ya ugeni. Birika lilikuwa la alumini. Soda ile hukiacha chuma lakini alumini huila. Walipolivuta kwa waya, lilitoka likiwa na matundu kama kitambaa cha kufuma, na mdomo wake ulibaki pipani. Papa Nestor hakumsema yule karani. Alilitundika birika ukutani juu ya meza, na tangu hapo kila mgeni wa karakana alifundishwa kwa birika hilo tofauti ya alumini na chuma. Karani wa sasa analiona kila asubuhi anapoingia, na hajawahi kusogelea pipa.

Nje ya kazi, tabia yake ilijulikana hadi mtaa wa Rubondo. Ukucha wake wa dole gumba la kulia haukuweza kukaa kimya karibu na rangi. Mchungaji aliacha kuegesha baiskeli yake karibu na benchi la waimbaji. Kwenye harusi moja alisimama kando ya gari la maharusi lililokodiwa Mbarara, na kabla nyimbo hazijaisha alimnong'oneza bwana harusi kwamba gari hilo jeupe liliwahi kuwa la kubebea maiti. Bwana harusi aliomba kutembea kwa miguu. Mama Chantal anasema nyumbani kwao hakuna kitu kilichopakwa rangi, na kwamba amani yao ya miaka arobaini inatokana na hilo.

Mwaka 2009 Apolline Mukamazimpaka aliletwa karakanani kufagia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, binti wa wafugaji wa milima ya Kivu Kusini, mtu wa maneno machache. Wiki ya pili Papa Nestor aligeuka kutafuta brashi namba tatu na akakuta Apolline ameshamwekea mkononi. Wiki ya tano alimkuta amekwangua kifuniko kizima bila kuambiwa. Papa Nestor alikizungusha kwenye mwanga, akatafuta dosari kwa muda wa nyimbo mbili, kisha akasema, "Fagio tutatafutia muntu mwingine." Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, ingawa kwenye orodha ya wafanyakazi Apolline aliendelea kuitwa mfagizi.

Sasa inabidi kueleza neno moja. Kichwa cha injini, kile kipande kizito kinachofunika silinda na kubeba vali, mafundi wa Kongo hukiita kulasi. Wamelitoa kwenye Kifaransa. Wenzetu wa Uganda hawalijui. Wakisikia kulasi, wanasikia klasi, yaani darasa la shule. Shirika letu lina idara ya maji na idara ya elimu, na ofisi zake kuu ziko mjini Mbarara katika jengo moja: stoo ya vipuri chini, elimu juu. Na Papa Nestor, kama ilivyoelezwa, hakuwa tayari kusema "kichwa" mbele ya mtu mwenye daftari.

Agosti 2011 injini ya pampu ya Juru, mtaa mwingine wa Nakivale, ilianza kuvuja kwa sababu uso wa kulasi yake ulikuwa umepinda. Papa Nestor aliitoa, akaikwangua makoti matatu, akachora N na mistari mitatu, akaipaka oili, akaifunga kibati chenye maneno KULASI – JURU, akaituma Mbarara ikasawazishwe uso. Ilisawazishwa vizuri. Dereva aliichukua kutoka kwa fundi na kuifikisha kwenye jengo letu, akasoma kibati, akatafakari, akaipandisha ngazi. Hapo ndipo ilipopotelea.

Oktoba 2011 Papa Nestor aliandika barua ya kwanza, fupi na ya heshima, akiomba kulasi ya Juru. Jibu lilisema kwamba shule ya Juru ilikuwa imepata klasi mbili mwaka huo na iwe na subira. Mwaka 2012 aliandika tena, akifafanua kwamba kulasi ya Juru si ya kujenga, ni ya chuma. Jibu lilisema kwamba klasi za chuma hazifai kwa joto la Juru, watoto wataungua.

Mwaka 2013 alikwenda mwenyewe. Kwenye stoo alimkuta Bwana Gad Mbabazi, mtunza vipuri wetu, mtu mwenye roho nzuri na haraka nyingi. "Mzee, hapa hakuna mambo ya klasi," Bwana Mbabazi alimwambia. "Panda juu, ona Madam." Juu, Madam Olga wa idara ya elimu alikuwa na kikao. Papa Nestor aliketi mlangoni kwa saa mbili, kofia gotini, kiwiko kimeegemea stuli fupi nzito iliyozuia mlango usipigwe na upepo. Stuli hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma hadi chini, na juu yake kulikuwa na maua ya plastiki. Ni watu wachache wanaoegemea stuli ya ofisi na kuinua kitambaa chake, na Papa Nestor ana adabu.

Madam Olga alimpokea kwa chai. Kumbukumbu za pande zote mbili zinakubaliana juu ya mazungumzo yao. Papa Nestor alisema anataka kulasi. Madam akauliza ana watoto wangapi. Saba, akajibu, na bote bameoa. Madam akauliza, "Sasa klasi ni ya nani, Mzee?" Papa Nestor akajibu kwamba ni ya maji, na kwamba ameikosa miaka miwili na anaumia. Madam Olga aliguswa sana. Wiki iliyofuata Papa Nestor alipokea Nakivale daftari, penseli mbili na mwaliko wa kuanza masomo ya watu wazima. Alihudhuria mara tatu ili asimvunje moyo.

Barua ya tatu ni ya mwaka 2014. Karani wa sasa alikuwa na mwezi mmoja kazini. Papa Nestor alimpa maneno ya kuandika, na karani, ambaye alikuwa amesoma Kiswahili shuleni kwa bidii na kupata alama nzuri, aliona neno kulasi akadhani ni kosa. Hakuuliza. Aliogopa kuonekana hajui. Alilisahihisha, akaona na klasi nayo si sanifu, akalisahihisha tena. Barua iliyokwenda Mbarara ikiwa na mhuri ilisema: "Tunaomba kurejeshewa darasa la Juru, tulilolituma kwenu kwa ajili ya kusawazishwa uso. Tafadhali lisafirishwe likiwa limepakwa oili." Jibu la Madam Olga lilikuwa la mistari miwili. Madarasa hayatumwi Mbarara, na aliyeandika barua apewe siku ya kupumzika. Karani anaomba radhi kwa wakazi wote wa Juru, ambao kwa miaka minne waliendelea kuteka maji mbali huku injini yao ikiandikwa kwenye daftari "inasubiri kipuri".

Februari 2015 ilikuja barua nyingine kutoka Mbarara. Iliandikwa kwa nia njema, na karani anapenda hilo lieleweke. Ilisema kwamba Papa Nestor akistaafu, nafasi yake haitajazwa, na kwamba, ili kuharakisha kazi, vipande vitapakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani, meza itaondolewa, na Apolline atarudi kwenye fagio.

Papa Nestor aliomba asomewe mara mbili. Kisha akauliza, "Na Apolline?" Akasomewa aya ya mwisho mara ya tatu. Hakugomba. Alirudi mezani, na siku hiyo hakuimba. Mkurugenzi wetu alipompigia simu kumuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, alijibu kwamba hataki zawadi, anataka meza ibaki na Apolline akae pale. Mkurugenzi alimwambia kwa upole kwamba zawadi ni lazima, na meza itazungumzwa. Sote tunajua maana ya kitu kuzungumzwa.

Tarehe 15 Mei uwanja wa karakana ulipambwa. Wageni walifika kutoka Mbarara: Mkurugenzi akiwa na shati jeupe, Bwana Mbabazi na Madam Olga. Kwaya ya kanisa, ambayo nusu yake ni akina mama wa Juru, ilisimama upande wa pipa. Baada ya hotuba, Mkurugenzi alifunua zawadi. Ilikuwa kichwa cha injini kilichopakwa rangi ya fedha na kufungwa juu ya ubao uliong'arishwa, chenye maneno ya shukrani. Bwana Mbabazi ndiye aliyekitafuta, akiona kinafaa kwa mtu wa fani hiyo. Kilikuwa kimepakwa wiki hiyo kwa utaratibu mpya, yaani juu ya chochote kilichokuwapo, na tangu asubuhi kilikuwa juani.

Papa Nestor alikipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Dole gumba la kulia likajisogeza. Walioketi mbele walisikia sauti ndogo, na kipande cha rangi ya fedha chenye ukubwa wa jani la mhindi kikabanduka na kutua kwenye mkono wa shati la Mkurugenzi.

Chini yake kulikuwa na bluu.

"Papa Nestor, hiyo ni zawadi," Mkurugenzi alisema.

"Naona, Shefu. Asanti sana," alijibu, bila kuinua macho. "Lakini imevaa mingi. Apolline, leta."

Apolline alikuwa amekileta kikwangulio kimefungwa kwenye kitenge chake. Hakueleza kwa nini alikuja nacho kwenye sherehe, na hakuna aliyemuuliza. Kiongozi wa kwaya, kwa kutojua afanye nini, alianzisha wimbo. Papa Nestor aliuitikia kwa sauti ya nne na kuanza kazi.

Bluu ilipojitokeza Madam Olga alicheka na kusema ilifanana na bluu ya mlango wake. Chini ya bluu ilikuja kijani, na Madam akaacha kucheka, kwa sababu kabla ya bluu mlango wake ulikuwa wa kijani. Chini ya kijani ilikuja krimu. Hapo alisimama.

"Hiyo krimu ni ukuta wangu!" alisema. "Mbabazi! Si hiyo ni stuli yangu ya maua?"

"Madam, wewe mwenyewe ulinipa."

"Nilikupa stuli! Sikukupa injini!"

Wapaka rangi wa ofisi, ilifahamika baadaye, kila walipopaka rangi chumba cha Madam walipaka na kila kilichosimama ndani yake.

Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa tatu wakati chuma kitupu kilipotokea, na juu yake namba ya injini, na pembeni, ndogo kama kwato ya mbuzi mchanga, herufi N yenye mistari mitatu. Papa Nestor alinyamaza katikati ya ubeti. Alimtazama Mkurugenzi. Alimtazama Madam Olga, ambaye mkononi alikuwa na daftari. Alimtazama karani, ambaye alikuwa na mawili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Januari 1997, alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Kichwa! Hii ni kichwa ya moteri ya Juru!"

Bwana Mbabazi alijipiga paji la uso. "Hedi? Mzee, kumbe miaka yote hii ulikuwa unataka hedi?"

"Kulasi!"

"Lakini hiyo ni hedi!"

"Ni kulasi, mutoto wangu, na niliiandika!"

Akina mama wa Juru walikuwa wa kwanza kuelewa, wakapiga vigelegele, na kwa dakika kadhaa programu haikufuatwa. Mkurugenzi aliomba aelezwe, akaelezwa na watu sita kwa pamoja. Alipogeuka kutafuta zawadi, Papa Nestor alikuwa ameshafungua skrubu na kumrudishia ubao.

"Shefu, siwezi kuweka maji ya batu kabatini kwangu," alisema. Kisha akauliza swali ambalo karani aliliandika neno kwa neno. "Kama leo tungepaka tena juu yake kama barua inasema, na kesho tena, ni nani angeiona hii namba?"

Mkurugenzi alitazama mkono wa shati lake, ambao ulikuwa wa fedha hadi kiwiko. Kisha akasema kwamba meza ibaki, na kwamba karani aandike hivyo hapo hapo, pamoja na cheo cha Apolline Mukamazimpaka: mkwanguaji. Karani aliandika. Maandishi yanasomeka, na nakala imebandikwa ukutani chini ya birika.

Kustaafu kukaahirishwa kwa wiki mbili. Papa Nestor alisema hawezi kuondoka na kipande kilichovuliwa nusu, ni aibu. Kumbe hata hakukigusa. Aliketi kwenye kiti cha mgeni akaimba, na Apolline ndiye aliyefanya kazi yote, kutoka pipani hadi juani. Uso wa kulasi ulikutwa mzima, bila doa la kutu, kwa kuwa rangi za ofisi ya elimu ziliulinda miaka minne. Papa Nestor alikiri jambo hilo kwa sauti ya chini na kuomba lisiandikwe. Baada ya kulifikiria usiku mzima, alisema liandikwe, lakini mara moja tu.

Alhamisi tarehe 28 Mei injini ya Juru iliwashwa, ikakohoa, ikashika. Maji yalifika bombani kabla ya saa sita mchana. Kesho yake Papa Nestor alisaini kitabu cha kuondoka, akamkabidhi Apolline kikwangulio cha springi ya lori, na safari hii akastaafu hadi mwisho.

Zawadi yake rasmi ni kopo la maziwa ya unga lililojaa magamba ya rangi: fedha, bluu, kijani na krimu. Mama Chantal ameruhusu likae dirishani, kwa kuwa kopo lenyewe halijapakwa kitu.

Papa Nestor, karakana inakushukuru, stoo inakushukuru, na idara ya elimu inakukumbusha kwamba nafasi yako darasani bado ipo. Tunakuombea siku nyingi njema wewe na Mama Chantal, sauti isiyokauka, na majirani wasionunua rangi. Kulasi ya Juru imepakwa kijani, koti moja. Chini yake, kando ya N yako na mistari mitatu, sasa kuna A na mistari minne. Na neno lenyewe limeandikwa katika ukurasa huu kama unavyolisema wewe. Karani hakulisahihisha.